Kulabu

Unaniuliza, Nimia, nimewaletea nini kutoka Geneva.
Kalamu nne za hoteli, mafua,
na maneno matatu. Sogeza gunia, nikae.

Mlangoni walinivika kitambulisho.
Wenye nchi wana rangi yao, sisi yetu,
kama tunavyotenga chupa angavu na chupa za maziwa.
Juu ya jina langu waliandika MWANGALIZI.
Miaka ishirini na sita nimeinama jaani Asunción,
mto ukifurika nahama, ukishuka narudi,
kumbe safari yote ile nimeitwa kutazama.

Viti vyetu vilikuwa nyuma ya nguzo.
Kushoto, kijana wa Norwe na maji ya bahari kwenye kichupa,
akiwaonyesha wapita njia vumbi la plastiki linavyoelea.
Kulia, bwana wa suti ya kijivu, wa muungano wa viwanda,
kitambulisho chake rangi ileile na changu.
Naye si serikali, kama mimi nisivyo serikali,
ila yeye mawaziri walimjia wenyewe
wakamuuliza hali ya mkewe.
Alinipa chupa ya maji. Nilikunywa.
Kisha nikaipima kiganjani, unajua tabia yangu:
gramu kumi na mbili, kifuniko mbali.

Siku sita walitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa,
na migongo ya chupa nani anaijua kuliko sisi?

Usiku wa saba jina letu likatokea ukutani,
ibara ya nane, herufi pana kama mabati:

[na waokota taka]

Nikamshika mkono Liesbeth, mkalimani wa kujitolea.
"Hayo ni mabano," akaninong'oneza.
"Lililomo halijakubaliwa, wala halijakataliwa."
Yeye aliona mabano. Mimi niliona kulabu,
mbili, zinatazamana,
kama zile anazotukunjia Wilfrido kwa nondo chakavu,
na katikati sisi, tumenaswa,
hatujatiwa guniani, hatujatupwa.

Saa saba na dakika kumi usiku wakatupa nafasi.
Dakika mbili. Viti vya mbele vilikuwa na makoti bila watu.
Kihispania kikanikimbia, nikasema kwa Kiguarani.
Liesbeth, maskini, hakukijua; akatafsiri uso wangu.
Nikasema, chupa mnayoizungumzia mimi nimeishika.
Nikasema, hesabu zenu ni tani, tani, tani,
lakini tani ina mgongo unaouma, tani ina
Taa ikawaka nyekundu. Kipaza sauti kikafa
mdomo wangu ukiwa wazi.

Kwenye ushoroba, mjumbe wa kisiwa kidogo
(ramani ya ukutani ilikuwa imekisahau)
akanijia ameshika viatu mkononi.
"Mnataka maneno mangapi?"
"Matatu. Yaleyale. Bila kulabu."
Alfajiri akainua kibao cha nchi yake. Hawakumwona.
Akakiinua tena, mkono ukatetemeka, hakukishusha.
Bwana wa kijivu akaandika kitu kwenye simu.
Nchi kubwa ikaomba muda wa kushauriana,
ikarudi, ikapiga miayo.
Nyundo ikagonga. Watu wakapiga makofi,
nami nikapiga, bila kujua tunashangilia nini.

Hii hapa karatasi. Tazama mwenyewe, wewe una miwani.
Bano la kufungulia lipo. La kufungia, hakuna.
Mpiga chapa alisinzia, au mtu alifanya makusudi;
Liesbeth asema wanasheria watakaa mwakani waamue
kama tumo au hatumo.

Usicheke. Haya, cheka.
Mimi nitaibandika kwenye banda la mizani,
juu, mahali mvua haifiki.
Kesho lori la kwanza linaingia saa kumi na moja.
Kulabu moja, Nimia.
Na sisi, kwani tumewahi kufanya kazi kwa ngapi?